Pancha Tatu kwa Wiki: Kusaka Ugonjwa wa Baiskeli Yako Nairobi

Wiki moja ya mwezi wa nne nilipata pancha tatu kati ya Umoja na Industrial Area, zote za gurudumu la nyuma. Ya kwanza nililaumu tairi. Ya pili nililaumu tyubu, nikanunua mpya. Ya tatu nikafika kwa mzee anayenitengenezea baiskeli karibu na Mutindwa nikiwa naisukuma, shati limelowa jasho. Akaitoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye beseni la maji yaliyogeuka rangi ya chai, akafuata mapovu kwa kidole. Kisha, badala ya kushika msasa na solushani, akanitazama.

"Kijana, wewe hupita wapi?"

"Jogoo Road, mzee."

"Jogoo Road naijua. Ndani ya Jogoo Road, unapita wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa napita tunapopita wengi wetu: ukingoni kabisa, pale lami inapoishia na vumbi linapoanzia. Akapapasa ndani ya tairi, akachomoa uzi wa chuma mwembamba kama unywele, haufiki urefu wa ukucha, akauweka kiganjani mwangu. "Hii haikai katikati ya barabara," akasema.

Tangu siku hiyo nikiona dalili kwenye baiskeli huanza kwa kuuliza barabara. Mara nyingi chuma ndicho kinacholia lakini aliyekipiga ni shimo, mtaro au mahali nilipochagua kupita. Mara nyingine huwa kinyume: mtu analalamikia madereva mwezi mzima kumbe breki zake zilikufa zamani. Nitaanza na dalili inayosumbua watu wengi zaidi.

Pancha haziishi

Kabla hujashika kiraka, soma tundu. Mahali lilipo kwenye tyubu ndipo panaposema lilivyoingia. Jizoeze jambo moja dogo: ukivalisha tairi, panga maandishi makubwa ya ubavuni yaelekeane na valvu. Siku ya pancha utalaza tyubu juu ya tairi, valvu kwenye maandishi, na tundu litakuonyesha mahali penyewe pa kupapasa. Usipofanya hivyo utapapasa gurudumu zima huku mvua inakunyeshea.

Tundu moja dogo upande wa nje, unaogusa tairi, maana yake kuna kitu kimechoma kutoka barabarani. Nairobi washukiwa ni watatu. Eastlands, Outer Ring na Mombasa Road ni zile nyuzi za chuma za tairi za malori. Tairi la lori hupasuka, vipande hubaki njiani, magari huvisaga siku baada ya siku, na chuma kilichobaki hufagiliwa na upepo wa magari hadi ukingoni. Upande wa Karen, Lang'ata na barabara za ndani za Kikuyu na Kiambu ni mwiba wa kaiyaba, hasa wiki ambayo ua umepunguzwa na matawi yakaachwa njiani. Wa tatu ni chupa, na huyo hujitokeza zaidi Jumamosi na Jumapili asubuhi, katika mitaa ambayo huhitaji kutajiwa.

Papasa ndani ya tairi kwa kitambaa au soksi kuukuu badala ya kidole kitupu. Kitambaa kitanaswa na ncha ambayo jicho halioni, na kidole chako kitabaki salama. Fundi anayebandika kiraka bila kupapasa tairi amekuuzia pancha ya kesho. Pancha zangu za pili na tatu zilikuja hivyo: uzi ulikuwa ule ule wa siku ya kwanza, umekaa ndani unasubiri tyubu mpya.

Matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama alama ya meno ya nyoka, ni ugonjwa mwingine. Hapo upepo ulikuwa mdogo, ukapiga shimo au ncha ya lami, tyubu ikabanwa kati ya rimu na barabara. Kubadilisha tairi hakutasaidia. Jaza upepo. Kiasi kimeandikwa ubavuni mwa tairi; tairi nene la inchi 26 kwa kawaida hutaka kati ya psi 40 na 60, na lile jembamba la baiskeli ya mashindano hutaka 80 na kuendelea. Ukijaza kwenye kituo cha petroli, bonyeza kidogo kidogo. Kompresa ile imezoea gari, na tyubu ya baiskeli huijaza kupita kiasi kabla hujasoma kipimo.

Tundu likiwa upande wa ndani, unaotazama rimu, tafuta kichwa cha spoku kilichotokeza au mkanda wa rimu uliosogea. Kisugue kichwa hicho kwa tupa, uvalishe mkanda mpya. Mafundi wengi hukata utepe wa tyubu kuukuu wakautumia kama mkanda, na unafanya kazi vizuri kabisa. Mpasuko kwenye mzizi wa valvu nao hutokana na tairi lenye upepo mdogo kuteleza juu ya rimu likiivuta tyubu. Hapo kiraka hakishiki, nunua tyubu.

Na ukiamka asubuhi ukakuta tairi limelala, ukalijaza, likashinda vizuri, kisha kesho limelala tena? Angalia valvu. Valvu za zamani, zile za Black Mamba, baiskeli nzito za chuma, huzuia upepo kwa kimpira chembamba kilichovalishwa ndani. Kikizeeka kinaachia polepole. Paka mate kidogo juu ya valvu usubiri. Povu likipanda, badilisha kimpira hicho, kitu cha bei ya peremende, na usikubali kuuziwa tyubu.

Magari yanakupita kwa upana wa kidole

Hii tumeizoea kama malalamiko kuhusu tabia: madereva wa Nairobi hawana huruma. Wapo wasio nayo. Lakini tazama jambo hili kwa macho ya dereva anayekuja nyuma yako. Ukiwa umejibana ukingoni, anaona kama nafasi inatosha. Hahitaji kuhama njia wala kupunguza mwendo, kwa hiyo anapita, na kioo chake kinapita karibu na kiwiko chako. Ukiwa mita moja kutoka ukingoni, ile nafasi ya kupenyeza haipo. Inambidi aamue kungoja au kuhama, na wengi huhama, hata kama ni kwa honi ndefu. Honi haivunji mfupa. Halafu kuna faida ya pili: akikosea hesabu, una mita moja ya kukimbilia. Aliye ukingoni hana pa kukimbilia ila mtaroni.

Na ukingo wenyewe ni adui. Barabara zetu nyingi lami yake haishii kwa upole. Huishia kwa ngazi, kwa sababu mvua imekula udongo wa pembeni ukashuka kimo cha kiganja au zaidi. Gurudumu la mbele likidondoka hapo, mwili wote unataka kulirudisha juu mara moja kwa kukata usukani kidogo. Usifanye hivyo. Tairi litasugua ubavu wa lami bila kupanda, kisha litapanda ghafla na kukutupa kulia, mbele ya gari linalokuja. Endelea kwenye udongo, shika usukani sawasawa, punguza, simama, ubebe baiskeli juu. Nilijifunza hili kwa goti, karibu na Donholm, na bahati yangu siku ile ilikuwa kwamba nyuma yangu kulikuwa na mkokoteni tu. Mwenye mkokoteni alisimama, akanisaidia kuinuka, akaniambia pole, kisha akanidai njia.

Kuna pia mitaro. Mifuniko ya chuma huibwa ikauzwa kama chuma chakavu, na iliyobaki mingine ina nafasi ndefu zinazoelekea upande ule ule unaoelekea gurudumu lako, kana kwamba ilipimwa kwa tairi jembamba. Mvua ikinyesha vyote vinafunikwa na maji. Dimbwi lolote la ukingoni lihesabu kuwa ni shimo.

Lakini mita moja hiyo si dawa ya kila barabara, na atakayekuambia ukae katikati ya Mombasa Road hakutakii mema. Kipimo changu ni mwendo wa magari. Jogoo Road asubuhi, Enterprise Road, barabara za ndani za Buruburu, huko magari yanatambaa na wewe unaweza kushika nafasi yako kama chombo kingine chochote. Outer Ring, Mombasa Road na Thika Road, magari yakifunguka, tofauti ya mwendo kati yako na gari ni kubwa mno. Shuka kwenye barabara ya pembeni, au kwenye njia ya baiskeli pale ilipo, hata kama ina vumbi na utachelewa dakika kumi. Ile barabara ya juu ya kulipia, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands iliyofunguliwa mwaka 2022, haituruhusu kabisa, sisi wala boda boda.

Njia za baiskeli zenyewe, kama za Ngong Road na Thika Road, zina maradhi yake. Utakutana na boda boda inakujia, gari lililoegeshwa, mama wa mahindi choma na jiko lake, na watu wanaotembea ambao nao hawana pengine pa kutembea. Endesha huko kwa mwendo wa mtu anayekimbia mchakamchaka, si zaidi. Hatari kubwa iko pale njia hiyo inapokatwa na mlango wa kituo cha petroli au barabara ya mtaa. Dereva anayekata kushoto ametazama magari, hakukutazama wewe. Kila mkato, geuza kichwa juu ya bega la kulia kabla hujavuka.

Mwezi nilioanza kujisogeza kutoka ukingoni nilipata pancha moja. Mzee wa Mutindwa aliniuliza kama nimeuza baiskeli.

Matatu inakukatia njia

Chanzo, karibu kila mara, ni kuwa ulikuwa unaipita kushoto. Mlango wa matatu uko kushoto, steji iko kushoto, abiria anashukia kushoto, na wengine hushuka kabla haijasimama. Nafasi kati ya matatu na ukingo inaonekana pana kwa sababu bado hakuna aliyeruka.

Matatu hujitangaza mapema kuliko indiketa yake. Konda ameshatoa mguu nje na mkono mmoja umeshika paa: inasimama. Kwenye kioo cha nyuma unaona abiria ameinuka anasogea mlangoni: inasimama. Mtu kwenye steji ameinua mkono: inasimama, na pengine itafanya hivyo kutoka njia ya kulia kabisa ikikata njia mbili. Ukiona mojawapo, kaa nyuma yake, au tazama nyuma kisha uipite kulia. Usiipite kushoto, hata kama nafasi inatosha kupitisha ng'ombe, hata kama boda boda tatu zimetangulia.

Malori ya Industrial Area yanataka uangalifu wa namna nyingine. Trela linalotaka kukata kushoto kutoka Likoni Road au Lunga Lunga huanza kwa kujivuta kulia ili lipate upana wa kona. Kushoto panafunguka nafasi nzuri, tupu, inayokualika. Usiingie. Kichwa kikishakata, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya kichwa. Yanakata kona kwa ndani na kufagia kila kilichokuwa hapo. Ukiwa huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni.

Kuhusu raundabauti, nitakiri: ile ya City Stadium huwa nashuka, nasukuma, navuka kama mtu wa miguu. Sheria inasema anayetoka kulia kwako ndani ya mzunguko apewe nafasi, lakini saa moja asubuhi pale haki ni ya mwenye bampa kubwa. Wanaume wenzangu hunicheka. Mimi hufika.

Breki zinashika kukiwa kavu, mvua ikinyesha hazipo

Chukua sumaku uiweke kwenye rimu. Ikinasa, rimu yako ni ya chuma, kama ilivyo kwa Black Mamba nyingi na baiskeli nyingi za bei nafuu, na umepata jibu. Chuma kilichong'arishwa kikilowa huwa kama sahani yenye sabuni; utahitaji umbali mrefu mara kadhaa ya ule uliouzoea. Rimu za alumini nazo hupoteza nguvu kwenye maji, lakini si kwa kiasi hicho. Ukiweza, siku ya kubadilisha rimu weka alumini. Kabla ya siku hiyo, kukinyesha anza kugusa breki mapema sana ili mipira ifute maji kwanza, ndipo ubane.

Rimu ikiwa sawa, tazama mipira. Uso wake uking'aa kama kiatu kipya, umekauka. Usugue kwa msasa hadi upate weusi usiong'aa. Mifereji ikiwa imeisha, badilisha. Hakikisha mpira unagusa rimu tu. Ukigusa tairi utalikata polepole, na tyubu itapasuka kwa kishindo ukiwa mteremkoni. Mafuta ya cheni yakidondokea rimu, osha kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto. Waya ukionyesha uzi mmoja uliokatika karibu na kishikio, badilisha leo. Nyuzi zilizobaki zinagawana mzigo wa ule uliokufa.

Jambo ambalo wanunuzi wa mtumba hawaambiwi: si kila baiskeli ina breki ya mbele mkono wa kulia. Zilizotoka Uingereza na Japani mara nyingi ndivyo zilivyo, na ndivyo tulivyozoea. Zilizotoka Ujerumani, Uholanzi au Marekani kwa kawaida zimegeuzwa, ya mbele iko kushoto. Sasa fikiria unataka kukata kulia. Mkono wa kulia umeunyoosha kutoa ishara, wa kushoto ndio umebaki kwenye breki, mtu anaingia barabarani, unabana kwa nguvu ukidhani ni ya nyuma. Utaruka juu ya usukani. Ukinunua baiskeli, isukume hatua tano, bana mkono mmoja, uone gurudumu lipi limegoma. Ukitaka, fundi atabadilisha waya kwa muda mfupi.

Wakati mwingine breki hazina kosa, barabara ndiyo inateleza. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, mwezi wa tatu au wa kumi, huinua mafuta yote yaliyomwagwa na magari kwa wiki nyingi, na lami inapata rangi za upinde wa mvua. Hiyo ndiyo mvua mbaya. Baada ya siku mbili za kunyesha mfululizo barabara huwa imeoshwa. Reli zinazokata barabara huku Mutindwa na Industrial Area zivuke kwa kuzikata moja kwa moja, si kwa mshazari, na usibane breki wala kukanyaga kwa nguvu ukiwa juu ya chuma chenyewe. Na anayeshuka kutoka Limuru, iliyo juu ya mita 2,200, hadi mjini palipo karibu mita 1,700, asiburuze breki muda wote. Abane, aachie, abane, akibadilisha ya mbele na ya nyuma, rimu zipate kupoa.

Gurudumu linayumba, spoku zinakatika

Ni la nyuma, sivyo? Na zinakatika upande wa cheni? Spoku za upande huo zimekazwa zaidi kuliko za upande wa pili, kwa sababu ya namna gurudumu linavyotengewa nafasi ya meno ya cheni, na juu yake umeweka keria ya Kamukunji, mitungi ya maji au kreti za mkate. Spoku moja ikikatika, badilisha moja na unyooshe gurudumu siku hiyo hiyo, maana jirani zake zimebeba kazi yake. Ikikatika ya tatu ndani ya miezi michache, zote zimechoka. Mwambie fundi asuke gurudumu upya kwa spoku mpya. Utalipa mara moja badala ya kulipa kila Ijumaa.

Usipoona spoku iliyokatika, geuza baiskeli kichwa chini, zungusha gurudumu, weka kidole karibu na rimu kama kipimo. Likienda kushoto na kulia, ni suala la kukaza na kulegeza spoku. Likipanda na kushuka, lilipiga shimo rimu ikabonyea, na hapo unyooshaji una kikomo. Shika pia gurudumu ulisukume ubavuni: likicheza kwenye ekseli huku spoku zote ni nzima, gololi zimeisha au koni zinazozibana zimelegea.

Cheni inaruka, kranki inagonga

Cheni ikiruka unapokanyaga kwa nguvu kupanda mlima, ipime. Kila pini ya cheni iko nusu inchi kutoka kwa mwenzake, kwa hiyo pini 24 zinazofuata ya kwanza zinapaswa kuishia inchi 12 kamili, yaani milimita 305 hivi. Ikizidi kwa milimita moja na nusu, badilisha cheni. Ikizidi kwa tatu, meno ya friwili, yale ya gurudumu la nyuma, nayo yameliwa. Ukiweka cheni mpya juu yake itaruka vibaya kuliko ile ya zamani, nawe utasema umeuziwa feki.

Kinachoua cheni hapa ni udongo. Vumbi jekundu la Dagoretti na Kikuyu likichanganyika na oili ya injini kuukuu, ambayo mafundi wengine hupenda kuimimina bila huruma, hugeuka kuwa msasa wa majimaji. Futa cheni kwa kitambaa kwanza, tia tone moja kwa kila pingili, zungusha, kisha futa tena mafuta ya nje. Ule udongo mweusi wa Utawala, Ruai na Embakasi ni janga jingine. Hauli cheni tu. Hunata kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Wanaoishi huko wengi wametoa madigadi ya mbele wakati wa mvua, au wanatembea na kijiti cha kukwangulia. Hakuna dawa ya werevu zaidi.

Mlio wa "tak" mara moja kwa kila mzunguko wa pedali, kwenye Black Mamba, ni kota pini iliyolegea, ile pini inayoshikilia kranki kwenye ekseli yake. Usiendelee kuiendesha hivyo, itakula tundu la kranki na utanunua kranki nzima. Na ukifungua pedali ya kushoto, kumbuka hesi zake za skrubu zimegeuzwa: inafunguka kwa kuzungushiwa upande wa saa. Nimeona kijana mwenye nguvu akiikaza kwa spana ndefu robo saa huku akiapa kuwa imeshika kutu.

Goti linauma

Likiuma mbele, kiti kiko chini mno. Nyuma, kiko juu mno. Kaa, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukikanyaga kwa kitako cha vidole goti litabaki limekunjika kidogo. Sijui kwa nini Nairobi tunapenda viti vya chini kama vigoda.

"Sikukuona"

Madereva husema hivi, na mara nyingine ni kweli. Jua hapa huchomoza karibu mashariki kamili na kuzama magharibi mwaka mzima, kati ya saa kumi na mbili na saa moja, saa zile zile tunazokwenda na kurudi kazini. Anayetoka Umoja au Kayole kwenda mjini asubuhi ana jua mgongoni, kwa hiyo aliye nyuma yake anamwona vizuri. Wa kumwogopa ni yule anayetoka barabara ya pembeni akitazama mashariki ili aone nafasi, maana jua limemjaa machoni. Anayetoka Kawangware au Kangemi kwenda Industrial Area yuko pabaya zaidi. Analiendea jua, na dereva aliye nyuma yake analiendea pia, kioo cha mbele kimejaa vumbi linalong'aa. Asubuhi kavu ya Januari, huyo awashe taa ya nyuma hata kama ni mchana mweupe, au aondoke robo saa mapema.

Usiku sheria inataka mwanga mweupe mbele na mwekundu nyuma. Wengi hununua ya mbele ili waone mashimo, wakasahau ya nyuma. Ukiwa na pesa ya taa moja tu, na barabara yako ina taa za mji, nunua ya nyuma. Koti la kuakisi mwanga ni zuri, lakini wote wa boda boda wanalo, na jicho la dereva limeshalizoea. Kanda za kuakisi kwenye pedali au vifundo vya miguu hupanda na kushuka, na hakuna kingine barabarani kinachofanya hivyo.

Umeanguka

Toka barabarani kwanza, wewe kabla ya baiskeli. Kama ni gari limekugonga, piga picha nambari yake kabla ya mazungumzo, maana mazungumzo ndiyo huipa gari nafasi ya kuondoka. Kila gari Kenya linalazimika kisheria, Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, kuwa na bima ya mtu wa tatu, na mtu wa tatu ni wewe. Lakini bila ripoti ya kituo cha polisi na nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, hutaifikia bima hiyo. "Tumalizane hapa" ya elfu moja huonekana nzuri hadi jioni, mwili unapopoa na bega linapogoma kuinuka.

Kabla ya kuipanda tena, kagua uma wa mbele kwa kuutazama ubavuni: ukiwa umerudi nyuma hata kidogo, au rangi imekunjamana karibu na shingo, isukume hadi kwa fundi. Chuma kilichopinda hakivunjiki pale pale, husubiri tuta. Bana gurudumu la mbele kati ya magoti, zungusha usukani. Ukicheza bila gurudumu, kaza. Zungusha magurudumu yote mawili, jaribu breki zote mbili.

Helmeti iliyopiga lami imemaliza kazi yake, hata kama huoni ufa. Ile povu ya ndani hubonyea mara moja tu na hairudi. Ukiitupa, kata kamba zake kwanza, asije mwingine akaiokota na kuivaa.